Maandalizi ya ziara za kampeni nchini Tanzania

Maandalizi ya ziara ya kampeni ni kazi zote zinazofanywa na viongozi wa chama cha siasa, watendaji wa uchaguzi na wenyeji wa mahali kabla mgombea hajafika kuhutubia wananchi. Kazi hizo ni pamoja na kuingiza mkutano katika ratiba rasmi, kutafuta uwanja, kuandaa jukwaa na vipaza sauti, kutangaza, kupanga wasemaji, kulinda usalama na kuhakikisha msafara unapita na kufika kwa wakati. Nchini Tanzania sehemu kubwa ya kazi hizo hufanywa katika ngazi ya kata na kijiji, mara nyingi na watu wa kujitolea.

Makala hii inaeleza utaratibu huo kwa kutumia mazingira ya Balangdalalu, mojawapo ya kata za Wilaya ya Hanang katika Mkoa wa Manyara. Katika kata ya vijijini kama hiyo mgombea wa urais au ubunge anaweza kufika mara moja tu katika kipindi chote cha kampeni. Kwa hiyo namna ziara ilivyopangwa ndiyo huamua kama wananchi watamsikiliza kwa saa nzima, watamwona akipunga mkono juu ya gari, au watarudi nyumbani bila kumwona.

## Maana na istilahi

Watu wa kampeni hutofautisha aina tatu za mikutano. Mkutano wa hadhara ni ule uliopangwa katika ratiba, wenye uwanja, jukwaa na wasemaji. Mkutano wa ndani huwa wa wanachama au viongozi na hufanyika ukumbini au ofisini. Kusimama njiani ni pale msafara unaposimama kwa dakika chache penye mkusanyiko wa watu, kwa kawaida kwenye makutano ya barabara au senta ya biashara, na mgombea akazungumza kutoka juu ya gari.

*Msafara* ni magari yote yanayofuatana na mgombea. *Watangulizi* ni kikundi kinachofika siku au saa kadhaa kabla ya msafara ili kukagua njia, uwanja na vifaa. *Gari la matangazo* ni gari lenye spika linalozunguka vijijini kuwajulisha watu siku, saa na mahali pa mkutano.

## Historia

### Kabla ya uhuru na siku za mwanzo

Uchaguzi wa Agosti 1960, uliotangulia uhuru wa Tanganyika, ulikuwa na viti 71. Viti 58 vilikwenda kwa wagombea wasiokuwa na mpinzani, kwa hiyo kampeni za ushindani zilifanyika katika majimbo machache tu. Chama cha TANU kilipata viti 70. Kiti pekee ambacho mgombea wake rasmi alishindwa kilikuwa cha Mbulu, eneo ambalo wakati huo lilijumuisha Hanang ya leo. Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama kama mgombea binafsi, alimshinda Chifu Amri Dodo aliyeteuliwa na chama. Tokeo hilo hukumbukwa kama ushahidi wa mapema kwamba jina la chama halitoshi pale ambapo wenyeji wana mtu wao.

### Mfumo wa chama kimoja

Baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana, uchaguzi wa Septemba 1965 ulifanyika chini ya chama kimoja kwa upande wa Tanzania Bara. Katika majimbo mengi TANU iliteua wagombea wawili kushindana. Chama kiliandaa mikutano kwa niaba ya wote wawili: walisafiri pamoja, walisimama kwenye jukwaa moja na walipewa nafasi sawa ya kuzungumza. Hawakuruhusiwa kufanya kampeni zao binafsi wala kuomba kura kwa misingi ya kabila, dini au rangi. Wapiga kura wasiojua kusoma walisaidiwa na alama mbili, *jembe* na *nyumba*.

Kwa upande wa maandalizi, mfumo huo ulipunguza gharama na uliwaweka wagombea katika hali sawa. Aliyekuwa na gari na asiyekuwa nalo walifika mkutanoni pamoja. Hata mawaziri wawili walishindwa katika uchaguzi huo, mmojawao akiwa Paul Bomani, waziri wa fedha. Upungufu wake ulikuwa wazi pia: hapakuwa na chama kingine, na chama chenyewe ndicho kilichoamua nani apande jukwaani.

### Vyama vingi

Mfumo wa vyama vingi ulirudishwa mwaka 1992 na uchaguzi mkuu wa kwanza chini yake ulifanyika Oktoba 1995. Tangu hapo kila chama kimelazimika kuandaa magari, vipaza sauti na watu wake. Tofauti ya uwezo kati ya vyama ikaanza kuonekana kwa macho: chama kimoja huwa na magari ya matangazo katika kila tarafa, kingine huazima spika moja kwa ajili ya jimbo zima.

Kati ya mwaka 2016 na Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa nje ya kipindi cha kampeni. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuondoa zuio hilo tarehe 3 Januari 2023. Katika miaka hiyo kampeni za mwaka 2020 zilikuwa kwa vyama vingi nafasi adimu ya kusimama mbele ya wananchi wa vijijini, na hilo liliongeza uzito wa kila mkutano uliopangwa.

## Msingi wa kisheria

Kampeni za urais, ubunge na udiwani huongozwa na Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani Na. 1 ya mwaka 2024, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Taifa ya Uchaguzi (Sura 343). Msimamizi mkuu ni Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, ambayo hadi mwaka 2024 iliitwa Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Sheria nyingine zinazogusa maandalizi ni Sheria ya Vyama vya Siasa (Sura 258) na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010.

Pamoja na sheria hizo kuna Maadili ya Uchaguzi, hati inayosainiwa na vyama, serikali na Tume kabla ya kampeni. Maadili hayo huweka mambo ambayo mwandalizi wa ngazi ya kata anapaswa kuyajua kwa moyo:

* mikutano ya kampeni kwa Tanzania Bara huanza saa 2:00 asubuhi na kumalizika saa 12:00 jioni;
* lugha ya kampeni ni Kiswahili, na pale kisipoeleweka vizuri mkalimani anaweza kutumika;
* hairuhusiwi kuja mkutanoni na silaha;
* nyumba za ibada hazitumiki kwa kampeni;
* ni marufuku kuharibu mabango ya wapinzani au kuvuruga mikutano yao.

Kusaini maadili ni sharti la kushiriki. Mwezi Aprili 2025 CHADEMA haikusaini, na Tume ikatangaza kwamba chama hicho hakitashiriki uchaguzi wa Oktoba mwaka huo.

### Ratiba

Ratiba ndiyo kiini cha maandalizi yote. Mikutano ya wagombea wa urais huratibiwa na Tume kitaifa. Mikutano ya ubunge huratibiwa na Msimamizi wa Uchaguzi wa jimbo, na ya udiwani na Msimamizi Msaidizi katika ngazi ya kata. Kila chama huwasilisha mapendekezo yake, kisha wawakilishi wa vyama huitwa katika kikao kimoja ili migongano iondolewe. Vyama viwili haviwezi kupangiwa uwanja mmoja kwa wakati mmoja. Ratiba iliyokubaliwa hupelekwa pia kwa Jeshi la Polisi ili lijipange kulinda mikutano.

Utaratibu huu ni tofauti na ule wa siku za kawaida, ambapo chama kinachotaka kufanya mkutano wa hadhara hutakiwa kumpa taarifa ya maandishi mkuu wa polisi wa eneo husika angalau saa 48 kabla.

Ugumu hujitokeza pale ratiba ya urais inapobadilika. Mgombea wa urais akisogezwa kwa siku moja, mikutano ya ubunge na udiwani iliyokuwa imepangwa katika kata hiyo hulazimika kuhama, na taarifa ya mabadiliko huenda isiwafikie wananchi wa vitongoji vya mbali. Kwa sababu hiyo mwandalizi mzoefu huhudhuria kikao cha ratiba mwenyewe, hubeba nakala yenye mhuri na huiweka mahali ambapo ataipata haraka ikiwa ubishi utazuka uwanjani.

## Wahusika katika ngazi ya kata

Katika Chama Cha Mapinduzi mnyororo wa maandalizi hushuka kutoka taifa, mkoa na wilaya hadi kata, tawi na shina. Katibu wa chama wa kata na katibu mwenezi ndio hubeba mzigo mkubwa, na mabalozi wa mashina hupeleka habari nyumba kwa nyumba. Vyama vya upinzani vina mnyororo unaofanana na huo, ingawa katika maeneo mengi ya vijijini mtu mmoja hushika nafasi mbili au tatu. Vyama vikubwa vimekuwa pia na vikundi vyao vya ulinzi, kama Green Guard wa CCM na Red Brigade wa CHADEMA.

Nje ya chama, mwandalizi hukutana na mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kijiji na polisi wa kituo cha karibu. Watendaji ni watumishi wa umma na wanapaswa kuhudumia vyama vyote kwa usawa. Hapa ndipo malalamiko mengi huanzia, kwa kuwa barua ya kuomba uwanja inaweza kujibiwa kwa saa moja kwa chama kimoja na kwa siku tatu kwa kingine.

Kundi la tatu ni wenyeji wasio na cheo chochote: wazee wanaoheshimika, viongozi wa vikundi vya akina mama, waendesha bodaboda, mama lishe, mafundi wa muziki na vijana wa kwaya au ngoma. Mkutano unaweza kuwa na kibali, jukwaa na spika, lakini watu hawaji kama kundi hili halikushirikishwa.

## Hatua za maandalizi: mfano wa Hanang

### Kuchagua siku na saa

Wilaya ya Hanang, ambayo makao makuu yake ni Katesh chini ya Mlima Hanang, ina wakulima na wafugaji. Wairaqw na Wadatoga, hasa Wabarbaig, ni miongoni mwa jamii zake kubwa. Kampeni za uchaguzi mkuu kwa kawaida huangukia miezi ya Agosti hadi Oktoba, wakati wa kiangazi. Barabara hupitika kwa urahisi zaidi, lakini vumbi huwa kali, maji huwa mbali, na wafugaji hupeleka mifugo mbali na makazi kutafuta malisho.

Saa ya mkutano, kwa hiyo, huchagua wasikilizaji wake. Asubuhi mapema akina mama wengi huwa wanatafuta maji na wachungaji wameshaondoka na ng'ombe. Saa 6 mchana jua ni kali na uwanja hauna kivuli. Alasiri, kuanzia saa 9, ndiyo saa inayopendwa na waandalizi wengi wa vijijini, lakini ndiyo pia inayogombewa na kata nyingine zote. Siku ya mnada wa mifugo ina faida na hasara: watu huwa wamekusanyika tayari, lakini wamekuja kuuza na kununua, na spika za kampeni hushindana na za wafanyabiashara.

Mwaka 2005 ulionyesha jinsi kalenda inavyoweza kuvuruga mipango. Uchaguzi uliopangwa kufanyika tarehe 30 Oktoba uliahirishwa baada ya kifo cha Jumbe Rajab Jumbe, mgombea mwenza wa CHADEMA, ukafanyika tarehe 14 Desemba. Kampeni zilirefushwa hadi msimu wa mvua za mikoa ya kati na kaskazini, wakati ambapo barabara za udongo huanza kukatika na wakulima wako shambani.

### Uwanja na vifaa

Uwanja unaofaa huwa karibu na barabara, una njia zaidi ya moja za kuingilia na kutokea, na hauko ndani ya eneo la ibada. Watangulizi huangalia mahali pa kuegesha magari bila kuziba njia, mahali pa jukwaa ambapo jua la alasiri halitawapiga watu usoni, na waya za umeme zinazopita juu.

Orodha ya vifaa kwa mkutano wa kata huwa fupi: jukwaa au lori lililofunguliwa ubavu, vipaza sauti viwili na cha akiba, jenereta na mafuta yake, turubai, viti vichache kwa wazee na watu wenye ulemavu, maji ya kunywa, na sanduku la huduma ya kwanza. Kifaa kinacholeta aibu mara nyingi ni jenereta. Kwa hiyo huwashwa na kujaribiwa siku moja kabla.

### Matangazo

Gari la matangazo hupita siku moja au mbili kabla, na tena asubuhi ya mkutano. Ujumbe wake huwa mfupi: nani anakuja, wapi, saa ngapi. Katika vitongoji ambavyo gari halifiki, bodaboda na mabalozi huchukua nafasi yake. Simu za mkononi na makundi ya WhatsApp yamerahisisha kazi hii, lakini hayawafikii wazee wengi wala maeneo yenye mtandao hafifu.

### Lugha na wasemaji

Kanuni ya mkalimani ina maana halisi katika Hanang. Wazee wengine wa Kidatoga na Kiiraqw huelewa Kiswahili cha kawaida lakini hupotea mgombea anapoanza kutaja takwimu, majina ya miradi na istilahi za serikali. Mkalimani anayefaa anajua lugha zote mbili, anaaminika kwa pande zote na haongezi maneno yake. Tafsiri pia hula muda: hotuba ya dakika 20 huwa karibu dakika 40. Mwandalizi asipoliweka hilo katika hesabu, mkalimani ndiye wa kwanza kuondolewa muda unapobana, na walioachwa nje ni wale wale waliomhitaji.

Orodha ya wasemaji ni chanzo kingine cha mivutano. Diwani, mgombea ubunge, mwenyekiti wa wilaya na wazee wote hutaka kusalimia. Kiutamaduni ni vigumu kumnyima mzee nafasi ya kumkaribisha mgeni, na katika mikutano mingi mgombea huvishwa vazi la jadi na kukabidhiwa fimbo. Suluhisho la kawaida ni kuanza na salamu hizo kabla msafara haujafika, ili mgombea akipanda jukwaani abaki na muda wake wote.

Katika kata za wafugaji hujitokeza pia suala la fimbo na mikuki. Maadili yanakataza silaha mkutanoni, lakini fimbo kwa mfugaji ni sehemu ya mavazi yake ya kila siku. Wazee wakihusishwa mapema, huwaeleza vijana waache mikuki nyumbani. Agizo hilo hilo likitolewa na polisi langoni, linaweza kuzua ugomvi.

### Hesabu ya muda

Sababu kubwa ya kata za pembezoni kukosa mkutano kamili ni ucheleweshaji unaojikusanya. Chukua mfano wa msafara wenye mikutano mitano kwa siku, wa kwanza ukiwa mjini na wa tano katika kata ya mbali. Kila mkutano ukizidisha dakika 20 tu, mkutano wa tano utaanza dakika 80 baada ya saa iliyopangwa. Ikiwa ulipangwa saa 10:30 jioni, mgombea atafika saa 11:50, na kanuni inamtaka amalize saa 12:00. Watu waliosubiri tangu saa 8 mchana watapewa dakika 10.

Waandalizi wa kata hujikinga kwa njia tatu. Kwanza, huomba kata yao iwe ya kwanza au ya pili siku hiyo. Pili, humweka mtu mwenye simu katika kila kituo kilichotangulia ili wajue msafara uko wapi na wawaambie wananchi ukweli. Tatu, huandaa kero za kata kwa maandishi, kama vile maji, zahanati, barabara na mipaka ya mashamba na malisho, ili hata mgombea akikaa dakika 10 aondoke na karatasi mkononi.

## Usafiri

Barabara ya lami ya Babati–Katesh–Singida imefanya miji iliyo kando yake ifikike kwa urahisi. Matokeo yake ni kwamba misafara mikubwa huelekea kufuata lami, na wakazi wa kata zilizo mbali nayo huambiwa wasogee barabarani. Kwa wananchi huo ni mwendo wa saa kadhaa, au nauli ya bodaboda ambayo si kila mtu anayo. Chama kinachosomba watu kwa malori hujaza uwanja, lakini huwaweka wasafiri katika hatari na huacha swali la nani analipia mafuta.

Helikopta ilianza kujulikana sana katika kampeni za mwaka 2005, wakati Freeman Mbowe wa CHADEMA alipoitumia kugombea urais. Inawezesha mikutano mingi kwa siku na yenyewe huvuta umati. Mwaka 2015 John Magufuli wa CCM alizunguka nchi kwa gari, na safari hizo za barabarani zikawa sehemu ya ujumbe wake, wakati wapinzani wake wa muungano wa UKAWA waliendelea kutumia helikopta. Usafiri wa anga una hatari zake: tarehe 15 Oktoba 2015, siku 10 kabla ya kupiga kura, Deo Filikunjombe aliyekuwa mgombea ubunge wa Ludewa alikufa pamoja na wenzake katika ajali ya helikopta kwenye Pori la Akiba la Selous.

Mahali pa kutua helikopta lazima pawe wazi, pasiwe na mawe madogo wala vitu vyepesi vinavyopeperuka, na watu wazuiliwe mbali hadi mapanga yasimame. Katika kiangazi cha Hanang vumbi linalotimuliwa linaweza kumzuia rubani kuona, kwa hiyo eneo hilo humwagiwa maji au huchaguliwa penye nyasi.

## Gharama na takrima

Ziara humgharimu mwenyeji kuliko inavyoonekana. Mafuta ya magari, kukodi spika, chakula cha msafara, posho za vijana na nauli za watangulizi hulipwa mahali hapo hapo, na ahadi ya kurudishiwa fedha hutimizwa kwa kuchelewa au haitimizwi kabisa. Madeni ya mama lishe na wenye magari baada ya kampeni ni malalamiko ya kawaida katika wilaya nyingi.

Mpaka kati ya ukarimu na rushwa umewahi kuamuliwa mahakamani. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu *takrima*, yaani kitu kinachotolewa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa jadi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na mashirika mengine mawili yalipinga vifungu hivyo, na mwezi Aprili 2006 Mahakama Kuu ilivifuta ikiona kwamba vinakiuka Katiba na vinawabagua wagombea wasio na fedha. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 iliongeza wajibu wa kutunza na kutoa hesabu, chini ya usimamizi wa Msajili wa Vyama vya Siasa.

Kwa mwandalizi wa kata kanuni salama ni rahisi: kila malipo yawe na risiti, malipo yatolewe kwa kazi au huduma iliyofanyika, na mpiga kura asipewe fedha, chakula wala pombe ili aje mkutanoni.

## Usalama na afya

Hatari kubwa ya mkusanyiko ni kukanyagana, hasa wakati wa kutoka. Mwezi Septemba 2015 watu walipoteza maisha kwa kukanyagana baada ya mkutano wa kampeni katika Uwanja wa Jamhuri mjini Morogoro. Mwezi Machi 2021 watu zaidi ya 40 walikufa katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Tukio la pili halikuwa la kampeni, lakini fundisho ni moja: milango iwe mingi na iachwe wazi hadi mtu wa mwisho atoke. Uwanja wa kijiji usio na uzio una nafuu kwa hilo. Hatari yake ni magari ya msafara kuondoka kwa kasi katikati ya watoto wanaoyakimbilia.

Wagombea nao huchoka. Mwezi Agosti 2010 Jakaya Kikwete aliishiwa nguvu jukwaani akizindua kampeni katika viwanja vya Jangwani. Maji, kivuli na dakika za kupumzika ni sehemu ya ratiba.

Mkutano unaweza pia kuvunjwa kwa uamuzi wa mamlaka. Mwezi Oktoba 2020 Kamati ya Maadili ya Kitaifa ilimsimamisha Tundu Lissu, mgombea urais wa CHADEMA, asifanye kampeni kwa siku 7. Maandalizi yote ya siku hizo katika maeneo aliyotarajiwa kufika yalipotea.

## Katika nchi jirani

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama wa Umma humtaka mwandalizi wa mkutano kutoa taarifa kwa polisi si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Wagombea wakuu hutegemea sana helikopta na mikutano ya njiani juu ya magari.

Nchini Uganda, ratiba za wagombea urais huoanishwa na Tume ya Uchaguzi. Katika kampeni za 2020–2021 idadi ya wahudhuriaji iliwekewa ukomo wa watu 200 kwa sababu ya UVIKO-19. Tarehe 18 Novemba 2020 Robert Kyagulanyi, maarufu kama Bobi Wine, alikamatwa wilayani Luuka kwa madai ya kuvunja masharti hayo, na zaidi ya watu 50 waliuawa katika vurugu zilizofuata. Tukio hilo linaonyesha kwamba idadi ya watu uwanjani, jambo linaloonekana kuwa la kiutawala tu, inaweza kugeuka kuwa suala la uhai.

## Umuhimu na ukosoaji

Wanaotetea utaratibu wa ratiba ya pamoja husema unazuia mapigano, unawapa polisi muda wa kujipanga na unampa kila mgombea siku yake. Wanaoukosoa husema usawa wa karatasi haufuti tofauti ya fedha, kwamba maamuzi ya dakika za mwisho huumiza zaidi vyama vidogo, na kwamba kata zisizo na lami huachwa kwa madiwani peke yao. Wengine hutaja mtindo wa mwaka 1965, ambapo wagombea walisafiri na kusimama pamoja, kama jambo linaloweza kurudishwa kwa sura ya midahalo ya vijijini chini ya vyama vingi.

Kwa mwananchi wa Balangdalalu kipimo ni kidogo na kinahesabika: mgombea alifika saa ngapi, alikaa dakika ngapi, alisema kwa lugha inayoeleweka au la, na kero iliyoandikwa alipewa nani. Majibu ya maswali hayo manne huwa yameshaamuliwa kwa sehemu kubwa katika kikao cha ratiba na katika kazi ya siku chache kabla ya msafara kufika.

## Tazama pia

* Wilaya ya Hanang
* Mkoa wa Manyara
* Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi
* Orodha ya vyama vya kisiasa Tanzania